Zizi Lisimalizwe na Siku za Mwisho

Mzee mmoja wa Nakalale, huku Turkana, amezikwa majuzi, na wanawe bado wanadaiwa. Saratani ya umio ilikuwa imeshaenea alipopimwa. Hata hivyo alipelekwa Lodwar, kisha akasafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi hospitali ya kusini, bila mtu yeyote kuwaambia wanawe ukweli kwamba hataponea huko. Mbuzi waliuzwa, ngamia wakafuata. Pesa zikaishia kwenye kitanda, vipimo na nauli za waliokuwa wakimuuguza. Alikata roho akilia kwa maumivu, na maiti ikazuiliwa mochari kwa sababu ya bili.

Umbali, umaskini, ugonjwa kugunduliwa umechelewa: hayo kila Mturkana anayajua. Lisilovumilika ni familia kufilisiwa kwa matibabu yasiyosaidia, huku mgonjwa akikosa hata dawa ya kutuliza maumivu.

Huduma shufaa, yaani kumtunza asiyeweza kupona ili asiteseke, si anasa ya matajiri. Nchini Uganda, shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, huchanganya unga wa mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, na maji, mgonjwa akainywa nyumbani kwake. Tangu 2004, wauguzi waliosomea huduma hiyo wanaruhusiwa kisheria kumwandikia mgonjwa mofini bila kumngoja daktari.

Gharama nazo hupungua. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la JAMA Internal Medicine, uliohusu wagonjwa zaidi ya 130,000, ulionyesha kwamba waliofikiwa na wahudumu wa huduma shufaa ndani ya siku 3 za kulazwa waliigharimu hospitali wastani wa dola 3,237 pungufu. Hapo ni hospitali kubwa zenye kila kitu. Je, familia inayouza mifugo ili ilipe nauli?

Basi watu wa Nakalale, Lodwar na Kakuma, wenyeji na wakimbizi, msinyamaze. Anayeweza kupona atibiwe kwa kila njia. Kwa asiyeweza, mwulizeni daktari waziwazi: safari hii itamponya, au itamchosha tu? Wazee na viongozi wa dini walizungumzie jambo hili mikutanoni. Katiba ya Kenya, Ibara ya 201, inataka wananchi washirikishwe katika masuala ya fedha za umma, na mwaka wa bajeti huanza Julai 1. Vikao vya maoni vikiitishwa, jazeni ukumbi. Daini mofini isiyokatika na muuguzi mwenye pikipiki wa kuwafikia wagonjwa vijijini. Mwakilishi wenu wa wadi akiwakwepa, mfuateni hadi ofisini, na msiondoke bila jibu.