Maji Yaliyomo Katika Ubao

Mkulima wa Bariadi anayepeleka pamba kwenye chama cha ushirika anajua vema kwamba maji ni wizi. Pamba huuzwa kwa kilo, na mtu aimwagiaye maji ili izidi uzito huhesabiwa kuwa mdanganyifu. Lakini mkulima huyo huyo akienda mjini kununua mlango au kitanda, hulipa fedha taslimu kwa ubao uliojaa maji, wala hapana anayelaumiwa. Sababu ni kwamba ubao huuzwa kwa urefu, upana na unene wake. Maji yaliyomo hayaonekani katika bei. Huonekana baadaye, mlango unapokataa kufunga na kitanda kinapoanza kuyumba.

Ni desturi kusema kuwa ubao uliopinda ni ubao mbaya, au kwamba seremala hakuijua kazi yake. Ukweli ni mwingine. Mti uliokatwa karibuni una maji ndani ya matundu ya nyuzi zake, na maji mengine yameshikwa katika kuta za nyuzi hizo. Yale ya matundu hutoka kwanza, na ubao haubadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, kuta zenyewe huanza kupoteza maji na kusinyaa. Hapo ndipo matatizo huanza, kwa kuwa mti hausinyai sawasawa kila upande. Kwa urefu hupungua kidogo sana. Lakini kwa kufuata mviringo wa pete za ukuaji hupungua karibu mara mbili kuliko kutoka moyo wa mti kuelekea ganda. Ubao wa upana wa sentimita 20 ukisinyaa kwa asilimia 4 tu hupoteza milimita 8. Upande mmoja ukitangulia mwingine, ubao hukunjika, huinama au hujisokota.

Aina ya mti nayo ina sehemu yake. Mninga husifiwa na mafundi kwa kuwa husinyaa kidogo na hutulia. Msonobari uliokatwa ungali mchanga una sehemu kubwa ya mti laini ulio karibu na moyo, ambamo nyuzi huzunguka shina badala ya kunyooka. Mbao zake hujisokota kwa urahisi. Mkaratusi hubeba mvutano ndani ya shina lake tangu ukiwa umesimama, na huweza kupinda au kupasuka msumeno unapopita, hata kabla ya kukauka.

Kwa Mkoa wa Simiyu jambo hili lina uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni mashamba ya pamba na malisho. Upungufu wa miti ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliorudishia heshima ngitili za wenyeji. Mbao za misonobari hununuliwa kutoka mbali, na nauli ya lori imo katika kila ubao. Ubao unaoharibika Bariadi umepotea pamoja na nauli yake.

Hata hivyo, Simiyu ina neema ambayo sehemu nyingine hazina: kiangazi kirefu chenye jua na upepo. Katika hewa ya joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 50, mti hutulia ukiwa na unyevu wa karibu asilimia 9. Kinachotakiwa ni kuutumia upepo huo kwa utaratibu. Mbao zipangwe kivulini, juu ya magogo yaliyoinuliwa kutoka ardhini. Kati ya safu na safu ziwekwe fito kavu za unene mmoja, zikiachana kwa nusu mita au pungufu, kila ufito juu ya mwenzake. Ncha zipakwe rangi ya mafuta zisikauke upesi na kupasuka, na juu ya rundo yawekwe mawe mazito. Kuanika mbao juani moja kwa moja, au kuziegemeza ukutani, ni kuzifundisha kupinda.

Kama kazi ni nyepesi hivyo, kwa nini haifanywi? Jibu limo mfukoni mwa seremala. Rundo la mbao linalokauka kwa miezi miwili au mitatu ni mtaji uliolala, na mteja halipi zaidi kwa ubao mkavu. Mwaka 2016, nchi nzima ilipohimizwa kumaliza upungufu wa madawati shuleni, kazi ilipewa miezi michache tu. Nia ilikuwa njema. Lakini agizo la haraka halimwachii fundi nafasi ya kukausha, na anayebeba hasara ni mtoto atakayekalia dawati hilo.

Kwa hiyo yafaa lawama ziondolewe kwa seremala, zielekezwe kwenye mkataba. Halmashauri inunuapo madawati au milango itamke unyevu unaokubalika, na itoe agizo kiangazi kinapoanza. Vyama vya ushirika, ambavyo vina uzoefu wa kuhifadhi pamba, vingeweza kujenga mabanda ya kukaushia mbao na kuzikodisha nafasi kwa mafundi. Ujuzi haukosekani: Taasisi ya Utafiti wa Misitu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, na Chuo cha Viwanda vya Misitu kipo Moshi.

Wala kipimo si cha wataalamu peke yao. Kipande kidogo hukatwa katikati ya ubao, hupimwa uzito, kisha hukaushwa katika joku la nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena. Kikiwa na gramu 500 mwanzoni na 400 mwishoni, unyevu wake ulikuwa asilimia 25, nao haufai kwa mlango. Mnunuzi wa pamba hakubali kulipia maji. Mnunuzi wa mbao naye ana haki hiyo hiyo, na siku atakapoidai, fundi mwenye subira atapata bei anayostahili.