Kabla ya Kulima Penye Ghala la Zamani

Huenda kijijini kwako lipo ghala la zamani lililowekwa dawa za pamba au kahawa. Paa limeoza. Kuta zimeanguka. Nyasi zimeota, kuku wanapekua. Sasa mtu anasema, "Kiwanja hiki kimekaa bure, tupande mchicha." Ngoja kwanza.

Nyasi si ushahidi kwamba udongo ni mzima. DDT huua wadudu, haiui nyasi. Hukaa udongoni miaka mingi, na majani yakamea juu yake.

Tazama yaliyotokea Vikuge, karibu na Kibaha, Mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 zililetwa dawa nyingi za msaada, nyingine zikiwa zimekwisha muda wake. Banda lililozihifadhi likaanguka. Mwaka 1996 mabaki ya dawa yaliondolewa. Je, kazi ilikwisha? Haikwisha. Watafiti walipopima baadaye, mahali palipochafuka zaidi, kilo 1 ya udongo ilikuwa na DDT na mabaki yake gramu 282. Hiyo ni zaidi ya robo kilo! Dawa zilikutwa hata katika maji ya chini ya ardhi.

Wataalamu wakipima hatari ya udongo hawaulizi tu kama sumu ipo. Huuliza pia itapita wapi, na itamfikia nani. Sumu iliyo juu ya mteremko wa kisima ina njia ya kufika kisimani. Lakini njia nyingine hatuzioni upesi.

Mfikirie nyungunyungu. Yeye hula udongo. DDT haiyeyuki vizuri katika maji, bali hushika mafuta, kwa hiyo hubaki mwilini mwake. Kuku anakula nyungunyungu wengi, na sumu ya wote inakusanyika katika mafuta ya kuku. Kisha inaingia katika kiini cha yai. Yai hilo unampa mtoto ili apate nguvu. Mwewe naye hupatwa: sumu ikimzidi, maganda ya mayai yake huwa membamba na kuvunjika kabla ya kuanguliwa. Ndiyo maana wataalamu huweka nyungunyungu hai katika udongo wanaoushuku, wakahesabu waliokufa na waliozaliwa.

Wewe huna maabara, lakini kazi unaweza kuianza. Waulize wazee: ghala liliwekwa dawa gani? Zilichanganyiwa wapi? Makopo yalifukiwa wapi? Mvua ikinyesha, simama mbali uone maji yanaelekea wapi. Kuku wa nani hushinda pale? Sasa unajua kuandika, basi yaandike yote. Mpelekee bwana shamba au bibi shamba, na nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Omba udongo upimwe, na maji ya kisima pia.

Kabla ya kupimwa, zungushieni mahali hapo miiba. Msilime wala msichome moto. Msichote udongo wa kukandika nyumba. Kosa hili ni jepesi kulifanya, maana udongo wa karibu hupendwa. Wapo wakulima wenye desturi ya kuonja udongo ili kujua rutuba yake. Huu usiuonje wala usiunuse. Na kuku wako, wafungie bandani au wapeleke upande mwingine wa kijiji.