Kujua Mahali pa Kukosea

Wako watu wengi, hata miongoni mwa wale wapitao kando ya kiwanja cha gofu kila asubuhi waendapo kazini, wanaodhani kuwa mchezo huo ni wa mabega tu: apigaye mbali ndiye ashindaye. Dhana hiyo hapana budi isahihishwe, na hakuna mahali panapoisahihisha vizuri zaidi kuliko mji wa St Andrews, katika pwani ya mashariki ya Uskoti, ambako kuna kiwanja kiitwacho Old Course, yaani Kiwanja cha Kale. Kiwanja hicho ni mali ya umma. Siku ya Jumapili, isipokuwa wakati wa mashindano makubwa, mchezo hukatazwa, na wenyeji hutembea humo pamoja na watoto na mbwa wao. Aidha, ni hapo ndipo idadi ya mashimo 18 ilipopatikana. Mzunguko wao ulikuwa wa mashimo 22, nao mwaka 1764 wakaupunguza ukawa wa 18, na dunia nzima ikafuata.

Kwa faida ya msomaji asiyeujua mchezo, yafaa yaelezwe machache. Mchezaji huanza kila shimo kwa kuupiga mpira uliowekwa juu ya kijiti kidogo. Huufuata na kuupiga tena katika njia ya majani mafupi, hata aufikishe kwenye grini, yaani kile kiwanja kidogo ambacho majani yake yamenyolewa yakawa kama zulia, na ambamo mna tundu na bendera. Kila shimo lina kipimo chake cha mapigo: matatu, manne au matano. Vipimo vyote vya Old Course vikijumlishwa ni mapigo 72. Amalizaye kwa mapigo machache kuliko wenzake ndiye mshindi.

Adui wa mchezaji ni upepo wa baharini, vichaka vya miiba na mahandaki ya mchanga, ambayo idadi yake hutajwa kuwa 112. Neno handaki limetumika hapa kwa makusudi, na askari ataelewa upesi. Hayo si mashimo mapana ya mchanga mweupe kama yanayoonekana kwenye viwanja vya hoteli. Ni madogo, yana kina, na kuta zake zimesimama wima kwa matabaka ya majani yaliyopangwa kama matofali. Mpira ukilala chini ya ukuta huo, mara nyingi hakuna njia ya kwenda mbele. Mchezaji hulazimika kuutoa kwa ubavuni, au hata kurudi nyuma, na pigo moja limekwisha kupotea.

Ajabu nyingine ni kwamba hapo zamani kiwanja hicho kilichezwa kwa kuzunguka upande ulio kinyume na wa leo. Ndiyo sababu mahandaki kadhaa yamejificha nyuma ya vilima vidogo, midomo yake ikiwaelekea watu ambao hawaji tena kutoka upande ule. Mgeni huona majani matupu mbele yake, akapiga mpira mzuri kabisa katikati ya njia, akafika na kuukuta umekwisha zikwa. Shimo la 12 ndilo mfano ulio wazi. Anayesimama mahali pa kuanzia haoni tishio lolote, lakini akifika kwenye grini na kugeuka kutazama nyuma huyaona mahandaki yote yamemkodolea macho. Mwenye busara huizunguka njia kwa miguu kabla ya siku ya shindano, na hutembea kinyumenyume.

Kanuni ambayo wachukuzi wa fimbo wa St Andrews humpa mgeni ni nyepesi kukumbuka: kushoto kuna usalama, kulia kuna faida. Mashimo ya kwenda yamepakana na vichaka upande wa kulia. Mashimo ya kurudi, hasa yale ya mwisho, yamepakana na kuta na mipaka ya kiwanja upande huo huo wa kulia. Apigaye kushoto hukuta nafasi tele, maana njia za kwenda na za kurudi zimeungana. Walakini, kutoka huko kushoto bendera mara nyingi hujificha nyuma ya handaki. Apigaye karibu na hatari ya kulia, akisalimika, huiona bendera waziwazi. Kwa hiyo katika kila shimo mchezaji hujiuliza swali lile lile: leo, kwa upepo huu, faida ile yastahili bei yake?

Shimo la kwanza lina njia pana kupita kiasi, kwa kuwa limeungana na lile la 18, na mwanafunzi yeyote aweza kulipiga. Lakini hatua chache mbele ya grini hupita kijito cha Swilcan. Hapo ni afadhali mpira uipite bendera kuliko upungue. Shimo la pili hadi la sita hutaka subira zaidi kuliko maarifa. Pigo la kwanza lipelekwe kushoto ya vichaka, basi. Katika shimo la tano, lenye kipimo cha mapigo matano, mahandaki saba yaitwayo Madada Saba humngoja upande wa kulia yule aliyetaka kufupisha safari.

Hapa watoto nyumbani waweza kufurahia hesabu kidogo. Mashimo 14 kati ya 18 hutumia grini za pamoja, mawili mawili, na kila jozi ukiijumlisha hupata 18: la 2 na la 16, la 3 na la 15, la 4 na la 14, hata la 8 na la 10. Bendera za kwenda ni nyeupe, za kurudi ni nyekundu. Mchezaji asiyeangalia rangi aweza kuulenga mpira wake kwa ustadi mkubwa kwenye bendera isiyo yake.

Shimo la 11 ni fupi, la mapigo matatu tu, nalo limewanyenyekesha wakubwa. Grini yake imeinama, na mbele yake kuna handaki la Strath upande wa kulia na handaki la Hill upande wa kushoto. Mwaka 1921 kijana wa Kimarekani aliyeitwa Bobby Jones aliingia katika lile la kushoto, akapiga na kupiga tena bila kutoka, hasira zikampanda, akaacha kuhesabu mapigo yake na kujitoa katika shindano. Alikuwa na miaka 19. Alirudi mwaka 1927 akashinda kwenye kiwanja kile kile, na mwaka 1958 mji wa St Andrews ulimpa heshima ya uraia wake. Shimo la 10 leo huitwa kwa jina lake.

Baada ya hapo huja shimo la 14, ambalo ndilo refu kuliko yote. Kulia kuna ukuta wa mpaka. Kati ya ukuta huo na mahandaki ya kushoto kuna kipande cha majani mazuri kiitwacho Viwanja vya Peponi. Mbele zaidi, katikati ya njia, kuna handaki kubwa lililopewa jina la Jehanamu, na kina chake humzidi mtu aliyesimama. Watu wa mji huo waliviita viwanja vyao kwa majina yasiyo na haya: yako pia mahandaki yaitwayo Majeneza, na jingine Pua ya Mkuu wa Chuo. Mwaka 1995 Jack Nicklaus, ambaye alikwisha kushinda St Andrews mara mbili, mwaka 1970 na 1978, aliingia Jehanamu. Alitumia mapigo manne kutoka, na mapigo 10 kwa shimo lote. Tofauti na hayo ni habari ya Tiger Woods mwaka 2000. Alicheza siku nne, mashimo 72, bila mpira wake kuingia katika handaki hata moja, akashinda kwa tofauti ya mapigo manane. Alikuwa na nguvu kuwashinda wenzake wote, ni kweli. Lakini nguvu hizo alizitumia kuyaruka mahandaki au kubaki nyuma yake, si kupimana nayo ubavu.

Sasa tufike shimo la 17, liitwalo Shimo la Barabara. Kipimo chake ni mapigo manne, na tangu mwaka 2010 urefu wake katika mashindano makubwa ni yadi 495. Pigo la kwanza lapita juu ya pembe ya majengo ya hoteli, na mchezaji haoni mpira utakapoangukia. Akizidisha kulia, mpira umetoka nje ya mpaka. Akikimbilia kushoto, yu salama, lakini grini inakuwa imemgeuzia ubavu. Grini yenyewe ni nyembamba na imekaa mshazari. Mbele yake, upande wa kushoto, kuna handaki dogo lenye kuta kali. Nyuma yake kuna barabara, na ng'ambo ya barabara ukuta wa mawe. Barabara hiyo ni sehemu ya kiwanja: mpira ukianguka juu yake, hupigwa pale pale ulipo.

Mwaka 1978 Mjapani Tommy Nakajima alikuwa karibu na viongozi wa shindano, naye akaufikisha mpira kwenye grini hiyo kwa mapigo mawili tu. Akausukuma taratibu kuelekea kwenye tundu. Mpira ukafuata mteremko, ukapinda, ukaporomoka handakini. Alitumia mapigo manne kuutoa, na akaandikiwa tisa. Tangu hapo wako wanaoliita handaki hilo Mchanga wa Nakajima.

Ni kwa sababu hiyo wachezaji wengi hodari hawalengi bendera ya shimo la 17. Hulenga mwanzo wa grini, upande wa kulia, chini kidogo, mahali ambapo mpira hauwezi kuporomokea popote. Kisha huusukuma mpira mara mbili, au hata mara tatu, wakaondoka. Mwaka 2022 Cameron Smith wa Australia alikuwa akiongoza siku ya mwisho mpira wake ulipokaa nyuma ya handaki lile. Kati yake na bendera palikuwa na mchanga. Hakujaribu kuuruka. Alichukua fimbo ya kusukumia, akauzungusha mpira kando ya handaki juu ya mteremko, ukafika kwenye grini, akautumbukiza kwa pigo la nne. Alishinda kwa tofauti ya pigo moja.

Lakini asije mtu akadhani kuwa uangalifu ni sheria isiyovunjwa. Katika mashindano ya wanawake ya mwaka 2013, Stacy Lewis wa Marekani alipiga mpira wake katika shimo hilo hilo moja kwa moja kwenye bendera, ukatua karibu kabisa na tundu. Akapunguza pigo hapo na jingine katika shimo la 18, akashinda. Aliuamini mkono wake saa ile, nao haukumwangusha.

Shindano lililolipa shimo la 17 sifa yake kubwa lilikuwa la mwaka 1984. Tom Watson wa Marekani alikuwa amekwisha kulitwaa Kombe la Uingereza mara tano, na mbili za mwisho zilifuatana, mwaka 1982 na 1983. Kama angelipata mara ya sita, angelingana na Harry Vardon, ambaye hakuna aliyemfikia. Mshindani wake alikuwa Severiano Ballesteros wa Hispania, ambaye watu wa Nairobi walimwona akishinda Mashindano ya Wazi ya Kenya mwaka 1978. Siku tatu za mwanzo Ballesteros alishindwa kulimaliza shimo la 17 kwa mapigo manne. Kila siku alitumia matano.

Siku ya mwisho, Jumapili tarehe 22 Julai, wawili hao walikuwa sawa. Ballesteros, aliyekuwa mbele katika kundi lake, alipeleka pigo la kwanza kushoto, mpira ukalala kwenye majani marefu. Kutoka hapo, umbali wa kiasi cha yadi 200, aliufikisha kwenye grini, akausukuma mara mbili. Mapigo manne, kwa mara ya kwanza juma lile.

Watson alikuja nyuma yake. Pigo lake la kwanza lilikuwa la kishujaa, kulia kabisa, juu ya majengo, likamweka mahali pazuri kuliko alipokuwa mwenzake. Ikabaki kuchagua fimbo. Alichagua ile ya namba mbili, ipelekayo mpira mbali sana. Mpira ulikwenda kulia kidogo kuliko alivyotaka, ukaipita grini, ukavuka barabara, ukasimama karibu na ukuta wa mawe. Watson hakuwa na nafasi ya kuinua fimbo vizuri. Aliugongagonga tu hadi kwenye grini, akamaliza kwa mapigo matano.

Huko mbele, katika shimo la 18, Ballesteros alikuwa ameusukuma mpira kutoka mbali kidogo. Ulifika kwenye ukingo wa tundu, ukasita kama unaofikiri, kisha ukaanguka ndani. Akarusha ngumi yake hewani mara nyingi, uso wote ukicheka. Watson alipofika hapo alihitaji kuutumbukiza mpira kwa pigo la pili ili wawe sawa, jambo ambalo halikuwezekana. Alishindwa kwa mapigo mawili.

Kombe la sita hakulipata kamwe. Alilikaribia tena mwaka 2009 huko Turnberry, akiwa na miaka 59, likamponyoka katika mashimo ya nyongeza. Mwezi Julai mwaka 2015 alikuja St Andrews kucheza katika mashindano hayo kwa mara ya mwisho. Mvua ilikuwa imechelewesha mchezo siku ile, na giza lilikuwa limekwisha kuingia alipolimaliza shimo la 17 na kuvuka daraja dogo la mawe juu ya kijito cha Swilcan. Watu waliobaki walimpigia makofi wakiwa hawauoni uso wake vizuri.