WITCH: fujo zenye akili

Siku nyingi sijaandika, asaimenti zimenibana kweli. Juzi usiku hapa rumu tulibishana mpaka saa nane. Mwenzangu anasema bendi ya rock lazima ichague: ama nyimbo ndefu za kisomi zinazogeukageuka, ama fujo za kuimbika na kila mtu. Eti ukichanganya unaharibu vyote.

Nikamwekea WITCH. Hawa ni vijana wa Copperbelt, Zambia, miaka ya 1970, na jina lao ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tumekusudia kuleta fujo". Sikiliza Introduction ya 1972: sauti chafu, gitaa linakwaruza kama redio mbovu, na bado kibwagizo unakishika papo hapo. Halafu nenda Lazy Bones!! ya 1975. Humo gitaa la Chris Mbewe linachepuka njia lake, ngoma zinabadilisha mwendo, unajiuliza wanaelekea wapi, mara mko tena kwenye kibwagizo kama hakuna kilichotokea! Tena sauti bado chafu. Ingesafishwa sana, ujanja wote ule ungesikika kama watu wanafanya mtihani.

Mwenzangu akasema huo uchafu ni uhaba wa vifaa tu. Sawa, vifaa vilikuwa duni. Lakini kifaa hakimwambii mtu abadilishe mdundo wapi.

Kilichonigusa zaidi (na hili wanaualimu wenzangu mnisikilize) ni mwimbaji wao, Emanuel Chanda "Jagari", jina lililotokana na Mick Jagger. Bei ya shaba ilianguka, maisha Zambia yakawa magumu, na kabla muongo ule haujaisha Jagari akaacha bendi akawa mwalimu. Baadaye UKIMWI ukawamaliza wenzake. Wa kikosi kile amebaki yeye peke yake. Mwaka 2023, akiwa na zaidi ya miaka 70, akatoa albamu ya Zango na wanamuziki wapya kwa jina lilelile la WITCH. Mwalimu huyo!

Sasa mtu asiniambie ualimu na gitaa havikai pamoja. Mwezi ujao naenda fildi ya kufundisha na mama ameshasema gitaa libaki nyumbani. Mwenye begi kubwa la kuazima anitafute kabla ya Ijumaa, mama asijue. Mwenzangu bado hajakubali, ila jana bafuni nilimsikia anapiga mluzi.