Mapenzi ya Filme na Mapenzi ya Nyumba

Katika filme ya Ufilipino "She's Dating the Gangster" (2014), Kenji anamtaka Athena ajifanye mupenzi wake, ili yule aliyemwacha apate wivu. Mchezo unageuka mapenzi ya kweli. Inachekesha, inatoa na machozi. Walioicheza ni Kathryn Bernardo na Daniel Padilla, na watu waliwapenda hata wakaunganisha majina yao: KathNiel.

Hata nje ya filme walipendana, miaka 11. Mwezi wa Novemba 2023 wakatangaza kwamba wameachana. Waliowapenda wakahuzunika sana.

Wewe binti wa Rubaya, na wewe kijana wa Walikale, sikilizeni. Kwa filme kuna mutu wa kuandika maneno ya wapenzi, na mwingine wa kusema: rudieni! Nyumba yenu haitakuwa na mutu huyo.

Mchimbaji akipata koltani, kitenge na simu vinakuja siku moja. Lakini ujiulize: siku shimo halitoi kitu, ataongea na wewe namna gani? Jibu halipatikani kwa saa mbili. Mwangalie polepole, na wazazi wamwone pia.