Swichi gani usomee mtihani? Anza na IOS, kisha Junos

Swali hili nimeulizwa mara nyingi na vijana wanaojiandaa kwa CCNA, kwa hivyo leo nalijibu mara moja: nisome mfumo endeshi upi wa swichi? CatOS? IOS? NX-OS? Junos? Ama yote?

Jibu langu ni fupi. Soma mmoja mpaka uumudu, kisha ongeza wa pili ulio tofauti nao. Wa kwanza uwe IOS pamoja na nduguye IOS XE. Wa pili uwe Junos. Mingine iache kwanza.

Tuanze na marehemu. CatOS haikuzaliwa Cisco. Iliingia humo baada ya Cisco kuinunua kampuni ya Crescendo mwaka 1993, na ndiyo sababu amri zake hazifanani na za ruta. Kuweka poti kwenye VLAN ya 10 uliandika "set vlan 10 3/1". Leo haiuzwi wala haitahiniwi, lakini bado kuna vitabu vya zamani vinavyoipa sura nzima. Ukikutana na hiyo sura, iruke.

CCNA inataka amri za IOS. Swichi za Catalyst 9000, zilizotoka 2017, hutumia IOS XE, lakini amri za VLAN, tranki na STP karibu zote ni zile zile. Kwa hivyo Catalyst 2960 ya mtumba inakutosha. Huna pesa ya swichi? Packet Tracer ya Cisco haina malipo, na hiyo 2960 imo ndani.

Sasa, kwa nini Junos? Kwa sababu IOS hutekeleza amri papo hapo, na hilo ni hatari. Tranki inapitisha VLAN 10 na 20, nawe unataka kuongeza 30. Ukiandika "switchport trunk allowed vlan 30" bila neno "add", umezifuta 10 na 20. Kama umeingia kwenye swichi kupitia VLAN ya 10, umejifungia nje, na ofisi nzima imezimika.

Junos huweka mabadiliko pembeni mpaka useme "commit". Ukisema "commit confirmed" nawe usithibitishe, baada ya dakika 10 swichi inajirudisha yenyewe ilivyokuwa. Sisi waandishi wa programu tumezoea kazi ya namna hii, na nashangaa watu wa mitandao wengi hukutana nayo wakiwa wamechelewa.

NX-OS je? Ni nzuri kwa vituo vya data, lakini amri zake zinafanana sana na za IOS. Ukipata kazi inayoihitaji, utaizoea haraka.

Najua wako watakaosema kadiri unavyojua mifumo mingi ndivyo unavyouzika. Mimi sikubali. CCNA ni dola 300 za Marekani, na ukianguka unalipa tena. Tagi ya 802.1Q ni ile ile kwa Cisco na kwa Juniper. Anayeelewa kwa nini STP imefunga poti fulani ataitafuta amri na kuipata. Aliyekariri amri za mifumo minne bila kuelewa hilo atakwama kwenye yote minne.

Unapinga? Karibu, lakini njoo na mfano wa kazini.