Nimehamia bando la usiku

Makamanda, mwezi huu nimeacha bando la wiki, nimehamia la usiku. Bei chee, ila naamka saa nane usiku kutafuta matangazo ya ajira, mchana data nazima. Nimeokoa hela ya daladala, sawa. Lakini kwenye muda wa maongezi bado nakatwa ushuru wa bidhaa, halafu VAT asilimia 18 juu yake. Mimi nisiye na kazi nakatwa kiwango kilekile anachokatwa waziri! Aprili 2021 vifurushi vilipopanda tulipiga kelele mitandaoni, bei mpya zikasitishwa haraka. Kumbe inawezekana. Bajeti inapitishwa Juni. Kama una dakika zimebaki, mpigie mbunge wako umuulize huo ushuru anautetea kwa nini.